Makosa ya Mama Bukuru

Mwanangu, katika siku zote za ujana wangu iko moja ambayo nikiikumbuka hata leo nakunja uso peke yangu, kama mtu aliyeng'ata ndimu. Ni siku niliyomwondoa kazini mwanamke mkweli kuliko wote waliokuwa chini yangu, kisha nikala vizuri, nikalala vizuri, nikidhani nimefanya kazi ya umeneja.

Nimesikia na wewe umekabidhiwa watu. Sijui ni duka, ni darasa, au ni kikundi cha akina mama wanaokausha dagaa pale Kibirizi. Vyovyote vile, hongera. Sikutishi. Nataka nikusimulie aibu yangu, maana mficha uchi hazai, na kwa umri wangu huu sina tena wa kumwonea haya.

Mimi ni mtoto wa Ujiji. Mama yangu alikausha dagaa na kuwauza, na hao dagaa ndio walionisomesha. Nilipomaliza chuo nilikuwa na miaka ishirini na saba, suruali mbili za kazi, na imani kubwa kwamba hakuna jambo la binadamu lisiloweza kuenea kwenye daftari lenye mistari.

Wakati huo wakulima wa Kalinzi, kule juu milimani, walikuwa wamechoka kumenya kahawa kila mtu nyumbani kwake. Huyu anaanika kwenye mkeka, yule anaanika chini kabisa na kuku wanapita. Ikikusanywa, kila gunia lina tabia yake. Wakakubaliana kujenga mashine moja kando ya kijito. Kila mtu alete kahawa yake mbivu pale, imenywe pamoja, ioshwe pamoja, ikaushwe pamoja. Halikuwa jambo jepesi. Kumpa jirani kahawa yako aichanganye na ya wengine ni sawa na kumpa mtoto wako amlee. Wazee wengi walikubali shingo upande, na walisema wazi kwamba wanajaribu msimu mmoja tu. Ikiharibika, kila mtu atarudi kwake na mashine yake ya mkono.

Mwenyekiti wao, Mzee Nyandwi, alishuka mwenyewe mpaka Ujiji kunichukua niwe meneja. Sikujua kwa nini alinichagua mimi na sikuuliza. Nilidhani ni cheti.

Watu wa kule walinipokea kwa utani. "Mjiji, angalia," waliniambia, "kahawa haina magamba!" Nilicheka nao, lakini moyoni iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli, kahawa sikuijua. Na mtu asiyeijua kazi, mwanangu, akiogopa kuuliza hukimbilia karatasi. Faraja yangu ilikuwa Ijumaa. Kila Ijumaa asubuhi nilidandia gari kushuka Ujiji, nikaswali msikiti wa nyumbani, nikala wali wa mama, jioni nikapanda tena mlima.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kahawa ikishamenywa na kuoshwa hutandazwa juu ya vichanja, zile meza ndefu za miti na wavu, ikae huko siku nyingi mpaka ikauke. Hapo ndipo inapopona au inapoharibika. Lazima igeuzwe kwa mikono mara kwa mara. Jua la mchana likiwa kali hufunikwa isipasuke, na mvua ikija hufunikwa upesi. Mvua ya Kalinzi nayo haipigi hodi. Mbingu ni safi, unageuka kuchukua kikombe chako cha chai, ukirudi matone yameshaanza. Kahawa iliyoanza kukauka ikilowa tena, hutengwa, ikaenda kwa daraja lake la chini. Haichanganywi na nzuri, maana samaki mmoja akioza, huoza wote.

Nilikuwa na wanawake kumi wa kuangalia vichanja, kila mmoja na viwili vyake. Mmoja wao alikuwa Mama Bukuru, mama wa mapacha wawili, Bukuru na Butoyi, mtu wa umri wa kunizaa. Yeye aliniita bwana meneja. Mimi nilimsalimu "habari za asubuhi," kama nilivyowasalimu wote. Shikamoo sikumpa. Nilikuwa nimejiambia kwamba bosi akianza kuwaamkia wafanyakazi wake, kesho hawatamwogopa. Mama yangu angenisikia angenichapa na ungo.

Basi nikatengeneza daftari. Mwanangu, lilikuwa zuri! Kila mwanamke alikuwa na mstari wake na kila siku chumba chake. Jioni kila mmoja anakuja mwenyewe kuweka alama: vema, kama vichanja vyake vimegeuzwa na kufunikwa kwa wakati, kosa, kama kuna kilicholowa au kuharibika. Mpaka hapo sina cha kujilaumu. Daftari si adui wa mtu. Ubaya niliuongeza kwa mkono wangu, katika kanuni mbili nilizozipigilia misumari ukutani, karibu na mlango. Ya kwanza ilisema kila Jumamosi wenye makosa watasomwa majina mbele ya wote. Ya pili, mwenye makosa matatu ataondolewa kwenye vichanja na kupelekwa shimo la maganda. Shimo hilo ndiko maganda ya kahawa yalikotupwa yaoze, na harufu yake ilikuwa ikimfuata mtu mpaka nyumbani.

Kisha maturubai mawili ya kufunikia yakapotea wiki ya kwanza ile ile. Nikaamua kuyafungia yaliyobaki ghalani. Asubuhi nayapokea, nayahesabu, nafunga. Saa sita mchana nafungua, nayagawa. Ufunguo ulikaa mfukoni mwangu, sikumwamini mtu mwingine nao. Nilijiona mtu makini sana.

Jumamosi ya kwanza nilisoma majina saba. Wanawake waliinamisha vichwa, mmoja akavuta kanga akajifunika uso. Jumamosi ya pili nikasoma manne. Ya tatu likabaki moja tu. Nikamfuata Mzee Nyandwi kwake nikamwambia, "Mzee, kazi imenyooka." Akanitazama, akasema, "Yego," yaani ndiyo, kisha akaendelea kunoa panga lake. Mzee akikujibu kwa neno moja, mwanangu, usiondoke. Mimi niliondoka nikipiga mluzi.

Lile jina moja lililobaki lilikuwa la Mama Bukuru. Wiki ile kosa, iliyofuata kosa, na iliyofuata kosa tena. Likatimia la tatu. Nikamwita mbele ya ofisi, na wenzake wako pale wanageuza kahawa, wanasikia.

"Mama Bukuru, wenzako wote wana vema. Mbona wewe tu?"

"Mvua ilinikuta mikono mitupu, bwana meneja. Kichanja cha tisa kimelowa upande mzima."

"Na wenzako mvua haikuwanyeshea?"

Alivitazama vichanja vya jirani zake, ambavyo vilikuwa hatua mbili kutoka vyake. Wale jirani wakazidi kuinamia kahawa.

"Mimi nasema ya vichanja vyangu," alijibu. "Wenzangu wana midomo yao."

"Hivyo ni visingizio."

"Bwana, siku ile maturubai..."

"Mama Bukuru, nimesema visingizio sitaki."

 Nikamwambia kuanzia kesho ataanza kazi shimoni. Hakunibishia. Alifungua kanga aliyojifunga kiunoni, akajifuta mikono polepole, kila kidole, akasema, "Kichanja cha tisa kitenge, bwana. Usikichanganye." Nikamjibu nimesikia. Vichanja vyake nikampa mwanamke mwingine, ambaye jioni ile aliweka vema. Nami nilipoiona vema nikaridhika, na kichanja cha tisa kikaingia maguniani pamoja na vingine vyote.

Ndiyo siku ile niliyokwambia nilikula na kulala vizuri.

Majuma yakapita. Kahawa ya kwanza ikawa tayari, na mnunuzi akamleta muonjaji wake. Wakulima walijaa uwanjani na nguo zao za kanisani, wengine wameleta wajukuu waone. Muonjaji alikuwa kijana mpole. Alikaanga punje chache kutoka kila gunia alilochagua, akasaga, akamimina maji ya moto kwenye vikombe. Hawa watu hawanywi. Huvuta kahawa kwenye kijiko kwa kelele, huizungusha kinywani, kisha huitema. Watoto walicheka. Alionja kikombe cha kwanza akatema. Akarudia. Akaenda cha pili, cha tatu, cha nne, akarudi cha kwanza.

"Hii ililowa," alisema mwishowe, tena kwa upole, kama mganga anayempa mtu habari za mgonjwa wake. "Ililowa ikachanganywa na kavu. Ina harufu ya nguo iliyokunjwa mbichi. Nimechagua magunia manne na yote ni hivyo hivyo. Daraja la kwanza haliwezekani."

Hakuna aliyepiga kelele. Heri wangepiga. Mzee mmoja alivaa kofia yake, akamshika mjukuu wake mkono, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba anakwenda kuipaka mafuta mashine yake ya mkono. Wengine wakamfuata. Mzee Nyandwi akatangaza mkutano baada ya siku mbili, kuamua kama kikundi kivunjwe. Halafu akanigeukia.

"Meneja, niletee lile daftari lako."

Nilimletea bila hofu. Nilijua lilivyo safi, na nilidhani litanitetea. Tulikaa ofisini wawili tu, mlango wazi. Mzee Nyandwi hakuwa msomaji sana. Alifungua kurasa moja moja, akipitisha kidole chini ya mistari.

"Hizi ndizo vema?"

"Ndiyo, Mzee."

"Nyingi." Akafungua ukurasa mwingine. "Na hizi chache hapa ni makosa. Za nani?"

"Mama Bukuru."

"Za siku gani?"

Nikainama nisome. Ijumaa. Nikasoma la pili. Ijumaa. Sikuwa na haja ya kusoma la tatu, lakini nililisoma, na huku mkono wangu wenyewe ulikuwa umeingia mfukoni na kuukuta ufunguo. Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Ijumaa saa sita mchana hapakuwa na wa kugawa maturubai, maana mgawaji alikuwa Ujiji anakula wali. Ijumaa zile mvua ilipokuja, wanawake kumi walikimbia na majani ya migomba na kanga zao wenyewe kufunika vichanja ishirini. Vingine viliokoka, vingine vililowa. Kisha kumi wakaja kwenye daftari langu. Tisa wakakumbuka majina yanayosomwa Jumamosi, wakakumbuka na shimo, wakaweka vema. Mmoja akaweka kilichotokea.

 Mzee hakunifokea. Ningevumilia zaidi angenifokea.

"Kijana, nilikupa macho kumi. Tisa uliyafumba kwa vitisho. La kumi likakataa kufumba, ukaling'oa kwa mkono wako ukalitupa shimoni." Akalifunga daftari. "Unajua kwa nini nilikufuata Ujiji?"

"Sijui, Mzee."

"Nilikuwa nikinunua dagaa kwa mama yako. Siku moja mvua ilikuwa imenyesha. Kulikuwa na fungu limetengwa pembeni. Nikalitaka, lilikuwa kubwa. Akaniambia, 'Hao wamepigwa mvua, baba. Ukiwachukua, wapike leo leo.' Nilisema moyoni, mtoto wa mwanamke huyu ndiye atakayetuangalizia kahawa yetu."

Nililia, mwanangu. Mtu wa miaka ishirini na saba, meneja, nililia mbele ya mzee huyo mpaka kamasi. Lile fungu la pembeni nimelijua tangu sijui kusoma. Mama hakupata kuuliza ni nani aliyechelewa kuanua. Aliuliza ni wapi wamelowa, tukawatenga, basi. Nikapanda mlimani na cheti changu, nikamwacha mama yangu Ujiji.

Mzee hakunibembeleza. Aliniambia tu, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Unajua anakokaa."

Nilifuata njia ya miguu mpaka kwa Mama Bukuru, kilima cha pili. Alikuwa uani anapeta maharage. Mapacha wake walikuwa wanaandika mazoezi ya shule kwenye benchi moja, na waliponiona walimsogelea mama yao, huyu kulia, huyu kushoto. Walijua mimi ni nani. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani, lakini pale yakanipotea yote, likabaki moja ambalo nilipaswa kuanza nalo tangu mwanzo wa msimu.

"Shikamoo, mama."

Ungo ukasimama mikononi mwake. 

"Marahaba, mwana wanje."

Hicho ni Kiha, maana yake mwanangu. Hakuniita bwana meneja tena, siku hiyo wala baada yake.

Nikamwomba radhi, na nikamweleza habari ya Ijumaa na ufunguo. Alisikiliza bila kuacha kupeta. Nilipomaliza alisema, "Habari ya ufunguo tuliijua wote. Ni wewe tu uliyekuwa huijui."

"Mbona hamkuniambia?"

"Nilikuambia. Ulisema hutaki visingizio."

Nikaketi chini, kando ya ungo wake.

"Usidhani sikulia," aliendelea. "Hawa watoto wenzao shuleni waliwazibia pua, kwamba wananuka maganda ya mama yao. Hilo liliniuma. Lakini na wale wenzangu usiwaite waongo. Mmoja ana mimba ya miezi saba, anaogopa shimo. Mwingine ana mume wa kumcheka. Wewe uliweka bei ya kusema kweli, wao hawakuwa nayo."

"Na wewe je?"

Akacheka kidogo. "Mimi ni mkaidi. Muulize baba yao."

Nikamwomba arudi kwenye vichanja. Akasema atafikiri, ila nikiendelea kusoma majina ya watu kama polisi nisimwambie habari za kurudi. Halafu akaongeza, huku anapuliza makapi, "Na kwenye lile daftari lako mimi nilitafuta jina moja sikuliona."

"La nani?"

"La mwenye ufunguo."

Siku ya mkutano uwanja ulijaa kuliko siku ya muonjaji. Nilisimama wa kwanza. Nikasema kahawa haikuharibiwa na wanawake wa vichanja wala na mvua, imeharibiwa na ufunguo uliokuwa Ujiji siku za Ijumaa, na ufunguo ulikuwa wangu. Nikasema na la Mama Bukuru lote, jinsi nilivyomtupa kwa kunieleza kweli. Watu walinung'unika. Mmoja akauliza, kwa haki kabisa, kwa nini wamwamini tena Mjiji huyu na mavuno yaliyobaki, yale ya vilima vya juu ambayo huiva mwisho. Swali lilikuwa zito kuliko mimi.

Ndipo Mama Bukuru aliposimama, bado na ganda la kahawa limemnata kwenye kisigino.

"Aliyetupwa shimoni ni mimi au ni ninyi?" aliwauliza.

Wakasema ni wewe.

"Basi mimi narudi kwenye vichanja vyangu. Anayetaka kwenda kupaka mashine mafuta aende."

Aliketi. Watu wakaanza kucheka, kwanza mmoja, kisha wote, hata yule mzee wa kofia. Wakakubaliana kuleta mavuno yaliyobaki.

Niling'oa kanuni zangu ukutani. Misumari yake ikabaki, na kwenye mmoja nikautundika ufunguo wa ghala, pale mlangoni kila mtu auone. Maturubai tukayahesabu pamoja kila asubuhi, na hakuna lililopotea tena. Alama ya kosa ikabadilika kazi: anayeiweka anakata kitambaa chekundu, anakifunga kwenye mguu wa kichanja, na kahawa ile inatengwa siku hiyo hiyo bila mtu kusomwa jina. Jumamosi tuliacha kusoma majina, tukawa tunakaa kuuliza makosa yameangukia wapi na siku gani. Siku moja tuligundua vitambaa vyekundu vyote viko safu ya chini, tukaenda kuangalia, tukakuta maji ya mtaro yanarukia pale. Tukachimba mtaro, vitambaa vikaisha.

Na juu kabisa ya daftari, mstari wa kwanza, nikaandika jina langu. Kazi yangu na mimi ikapimwa na wale kumi. Ijumaa ya kwanza niliporudi kutoka Ujiji nilikwenda mbio kulifungua. Kwenye mstari wangu palikuwa na kosa, limekolezwa wino: nilikuwa nimeahidi kushona turubai lililochanika, nikasahau. Niliujua mkono ule, ulikuwa wa Mama Bukuru. Niliichekea alama hiyo peke yangu, kisha nikatafuta sindano.

Mavuno ya vilima vya juu yalipokauka, muonjaji yule yule alirudi. Akakaanga, akasaga, akavuta kwenye kijiko kwa kelele. Watoto wakangoja ateme wacheke. Safari hii alimeza.

Mwanangu, sasa nikuambie wazi niliyoyaokota kwenye aibu hiyo.

Kusimamia ni lazima. Asikudanganye mtu kwamba upendo unatosha. Kichanja kisichoangaliwa hulowa hata kwa watu wanaopendana. Weka daftari lako, weka vipimo vyako, watu wajue nini kinatakiwa na wewe ujue mapema kilipopinda, wakati bado kinanyoosheka. Lakini kabla ya kuweka kipimo jiulize kitamgharimu nini mtu atakayekwambia kweli. Ukiifanya kweli iwe ghali, watakuletea uongo, na hawatakuwa watu wabaya kwa hilo. Siku hizi mnatumiana picha kwenye simu, kazi imefanyika, dole gumba juu, watu kumi na madole kumi. Sizikatai picha zenu. Nasema tu, siku utakapoona hakuna kosa hata moja kwa wiki nzima, usipige mluzi kama mimi. Shuka uende ukashike kahawa kwa mkono.

Yule anayekuletea habari mbaya mtunze. Anaweza kuwa mkaidi, anaweza kukukera, na huenda sauti yake si tamu. Kabla hujamwondoa, angalia makosa yake yameangukia siku gani, halafu ingiza mkono mfukoni mwako. Na jina lako liwe mstari wa kwanza, tena kalamu awe nayo mwingine.

Na watu wa kukuzaa waamkie. Heshima si utumwa. Mimi neno la mwana wanje lilikuwa pale msimu mzima likinisubiri, nikalikosa kwa kiburi cha salamu moja.

Mzee Nyandwi ametangulia, Mungu amrehemu. Mama Bukuru yupo, macho yameanza kufifia, wale mapacha wana watoto wao. Nikipanda kumsalimu hunishika mkono na kuniuliza swali moja kila mara, "Mwana wanje, bado wanakuwekea makosa?" Namjibu, bado wananiwekea, mama. Naye hunipigapiga kiganjani na kusema, "Basi bado wanakupenda."

Nenda, mwanangu. Mola akupe kazi yenye baraka na mkono mwepesi juu ya watu. Akupe Mama Bukuru wako, na usimjue ukiwa umechelewa kama nilivyochelewa mimi. Na siku atakapokuwekea kosa la kwanza kwenye mstari wako, Mola akujalie ucheke, kisha utafute sindano.